Kumfunza afisa wa probesheni amsaidie mwanamke kurekebika: semina, kozi ya mtandaoni au ulezi wa kazini?

Fungu la mafunzo katika huduma za probesheni, yaani za kuwasimamia waliotiwa hatiani wakiwa nje ya gereza, ni dogo, na kila mwaka wa fedha huwa na wengi wanaoligombea. Mkuu wa kituo au wa kaunti anayetaka maafisa wake wawahudumie ipasavyo wanawake waliopewa kifungo cha nje hukuta mbele yake njia kadhaa, kila moja ikiwa na watetezi wake: semina ya siku chache, kozi ya mtandaoni, ulezi wa kazini, yaani afisa mwandamizi kuwaongoza wenzake kazini kwa miezi, kuteua maafisa maalumu wa wanawake, na kuwafunza watu wa kujitolea wanaowasaidia maafisa mashinani. Nimezilinganisha hapa kwa kuitazama zaidi Kenya, huku nikiigusia Tanzania pale mazingira yanapofanana. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime njiani: kama pesa zinatosha jambo moja tu, ziende kwenye ulezi wa kazini, na semina iwe mlango wa kuuingilia.

Kazi inayohitaji kufunzwa

Sheria ya Probesheni ya Kenya, Sura ya 64, inairuhusu mahakama kumweka mtu chini ya uangalizi wa afisa kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 3. Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 nayo inaruhusu mtu ambaye angestahili kifungo cha miaka 3 au pungufu afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kwenda gerezani. Tanzania ilipata sheria yake ya huduma kwa jamii mwaka 2002, na idara ya probesheni huko iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Katika nchi zote mbili afisa ana majukumu mawili makubwa: kuiandikia mahakama ripoti ya kijamii kabla ya hukumu, na kumsimamia mtu baada ya hukumu. Mafunzo yoyote yasiyogusa mojawapo ya majukumu hayo hayana nafasi katika ulinganisho huu, hata kama yana cheti kizuri.

Utafiti uliofanywa na shirika la Penal Reform International pamoja na huduma ya probesheni ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha jambo ambalo afisa yeyote wa Kisumu au Makadara angelitambua mara moja: sehemu kubwa ya wanawake waliokuwa wakitumikia adhabu za nje walikuwa wametiwa hatiani kwa makosa ya pombe haramu, na wengi wao walikuwa mama wenye watoto wanaowategemea. Uangalizi wa watoto na nauli ya kwenda kuripoti au kufanya kazi waliyopangiwa ni vikwazo vizito kwao. Hawa ndio wanawake ambao afisa anafunzwa kwa ajili yao, kwa hiyo ni vyema tumtazame mmoja kwa karibu kabla ya kupima njia za kumfunza afisa.

Chukua mama aliyekamatwa na lita kadhaa za chang'aa, kwa mara ya pili. Afisa asiyefunzwa huandika kwamba mshtakiwa ana watoto wanne, ameachana na mumewe, amewahi kukamatwa kwa kosa hilohilo na haonyeshi dalili za kuliacha. Kila neno hapo ni kweli, na ripoti hiyo humpeleka gerezani. Afisa aliyefunzwa huuliza mambo mengine: pombe inapikwa na nani na faida inachukuliwa na nani, kuna deni gani, la chama cha kukopeshana, la mkopo wa simu au la mkopeshaji wa mtaani, mume aliondoka au alikimbiwa, na kwa nini, nani atabaki na mtoto mdogo saa mbili asubuhi mama akiwa kwa chifu anafyeka nyasi. Huenda ikajulikana kwamba jirani anayemletea pombe ndiye anayempiga, na kwamba amri ya kuripoti kila Ijumaa ingemlazimu apite mlangoni kwa mtu huyo. Ripoti ya pili inaweza isimalize tatizo, lakini inamwezesha hakimu kuchagua adhabu ambayo mama ataweza kuitimiza.

Tofauti kati ya ripoti hizo mbili ndiyo ninayoipimia kila njia. Ninaongeza maswali matatu: je, ujuzi unabaki kituoni afisa akihamishwa, je, afisa mwenyewe analindwa dhidi ya uchovu wa kusikiliza habari za vipigo na ubakaji wiki baada ya wiki, na je, gharama inabebeka?

Semina ya siku chache

Hii ndiyo njia iliyozoeleka. Maafisa huitwa mjini, hukaa hotelini au chuoni siku tatu hadi tano, hufunzwa sheria na viwango vya kimataifa, kisha hurudi vituoni na jalada la karatasi. Watu huibeza, nami sikubaliani nao kabisa, kwa kuwa ina faida ambayo njia nyingine hazina: huwakutanisha watu ambao kazini hawakai meza moja. Afisa wa probesheni, hakimu, mwendesha mashtaka na ofisa wa gereza la wanawake wakisikiliza kesi moja pamoja kwa asubuhi nzima, husikia mahali ambapo kila mmoja anamkwamisha mwenzake. Hakimu anayelalamika kwamba ripoti humfikia usiku wa kuamkia hukumu, na afisa anayelalamika kwamba alipewa siku chache mno kwenda kijijini, wanaweza kuafikiana hapohapo.

Yaliyomo pia yanahitaji mwalimu wa ana kwa ana. Kanuni za Bangkok, zinazohusu wafungwa wanawake na wanawake wanaopewa adhabu zisizo za kifungo, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2010, ni 70, na zile zinazohusu adhabu zisizo za kifungo ni za 57 hadi 66. Kanuni ya 60 inataka kuwe na nyenzo za kuunganisha adhabu ya nje na msaada halisi, ukiwemo ushauri kwa waliofanyiwa ukatili wa nyumbani na wa kingono, tiba kwa wenye matatizo ya akili, na mafunzo ya kazi, na inataja wazi haja ya kupata malezi ya watoto. Kanuni ya 61 inazungumzia mahakama kuzingatia majukumu ya malezi na hali ya maisha ya mwanamke inapopima adhabu. Kanuni ya 64 inapendelea adhabu zisizo za kifungo kwa wajawazito na kwa wanawake wenye watoto wanaowategemea, pale inapowezekana na kufaa. Jambo ambalo wakufunzi wengi hulipita ni kwamba kanuni za mafunzo ya watumishi, za 29 hadi 35, zimeandikwa zaidi kwa ajili ya magereza, na sehemu ya 57 hadi 66 haiweki utaratibu wa kumfunza afisa wa nje ya gereza. Kwa hilo inabidi kurejea Kanuni za Tokyo za mwaka 1990, za Umoja wa Mataifa kuhusu adhabu zisizo za kifungo, ambazo katika kanuni ya 16 zinataka mtumishi afunzwe kabla ya kuanza kazi na aendelee kufunzwa akiwa kazini. Mwombaji wa bajeti anayetaka hoja ya kimataifa ya kudai mafunzo endelevu ataipata huko.

Udhaifu wa semina unajulikana. Anayeitwa mara nyingi ni mkubwa wa kituo, wakati anayemhoji mwanamke ni afisa kijana aliyebaki ofisini na mafaili. Uhamisho nao huja, na aliyefunzwa huondoka na jalada lake. Zaidi ya hayo, siku tatu zinatosha kumweleza mtu kwamba maswali ya ukatili yaulizwe kwa staha, katika chumba chenye faragha, baada ya kueleza nani ataisoma ripoti. Hazitoshi kumzoesha kunyamaza pale mwanamke anapolia, badala ya kumtupia nasaha au kurukia swali la fomu linalofuata. Ustadi huo huja kwa kurudiarudia mbele ya mtu anayekusahihisha.

Kozi ya mtandaoni

Gharama yake ni ndogo, na afisa mpya anaweza kuianza wiki ya kwanza ya ajira bila kungoja mwaka wa fedha mwingine. Penal Reform International imekuwa na kozi ya mtandaoni juu ya utekelezaji wa Kanuni za Bangkok, inayolenga zaidi wanawake walio kizuizini, na kwa afisa asiyezifahamu kabisa kanuni hizo huo ni mwanzo mzuri.

Nisingeitegemea peke yake. Kozi za namna hii ziko kwa Kiingereza, ilhali mahojiano hufanyika kwa Kiswahili, Kijaluo, Kikamba au Kisukuma, na swali linalosomeka vizuri kwenye skrini linaweza kuwa matusi likitafsiriwa vivi hivi mbele ya mama mtu mzima. Afisa akijibu maswali yote ya kozi sawasawa, bado hatujui atamwambia nini mwanamke anayekuja ofisini jicho likiwa limevimba na kusema aligonga mlango. Itumike kama somo la utangulizi, nayo iishie hapo.

Ulezi wa kazini

Ushahidi ulio bora kuhusu njia hii umetoka Canada. Mtafiti James Bonta na wenzake waliunda mpango wa mafunzo uitwao STICS kwa maafisa wa probesheni, wakawagawa maafisa 80 kwa bahati nasibu, baadhi wapate mafunzo na wengine waendelee kama kawaida. Mafunzo ya mwanzo yalichukua siku 3 tu, muda uleule wa semina zetu. Kilichokuwa tofauti ni yaliyofuata: mikutano ya kila mwezi ya vikundi vidogo, maoni ya kitaalamu juu ya mahojiano yaliyorekodiwa, na kurudia mafunzo baada ya kama mwaka mmoja. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, watu waliosimamiwa na maafisa waliofunzwa walirudia makosa kwa asilimia 25.3 ndani ya miaka 2, dhidi ya asilimia 40.5 kwa wale wa maafisa wengine. Utafiti huo haukuwa wa wanawake peke yao, na ulifanyika katika nchi yenye watumishi na vifaa ambavyo sisi hatuna. Hata hivyo mahojiano yaliyorekodiwa yalionyesha jambo linalotuhusu moja kwa moja: maafisa waliofunzwa walipunguza kuzungumzia masharti ya mahakama, wakaongeza kuzungumzia fikra na mazingira yanayomrudisha mtu kwenye kosa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye chumba cha kuripoti anajua jinsi mazungumzo yanavyoweza kuanza na kuishia kwenye "umeripoti lini mara ya mwisho?".

Katika kaunti ya kawaida njia hii haihitaji mtaalamu kutoka nje kila mwezi. Inahitaji afisa mwandamizi mmoja aliyefunzwa kulea wenzake, na saa mbili za mkutano ambazo hazitaahirishwa kwa sababu ya mgeni wa serikali. Faili moja la mwanamke husomwa kwa sauti, jina likiwa limefichwa. Aliyeiandika ripoti hueleza alichouliza na alichokiacha, na wenzake humwonyesha kilichokosekana, kwa mfano kwamba watoto wametajwa kwa idadi bila kusema nani anawatunza. Mara mojamoja mlezi huketi kwenye mahojiano, mwanamke akiwa ameulizwa na kukubali. Kurekodi sauti, walivyofanya Wakanada, nisingeshauri kwa sasa: katika ofisi ambamo mafaili hufungiwa kwenye kabati lenye ufunguo mmoja unaotumiwa na wote, sauti ya mwanamke akisimulia kubakwa haina mahali salama pa kuhifadhiwa.

Mkutano huo pia ndio mahali pekee, katika njia zote hizi, ambapo afisa mwenyewe anaulizwa hali yake. Afisa anayesikia habari za watoto waliopigwa hadi kuvunjika, kisha akarudi nyumbani kuwapikia wanawe, hujilinda kwa kuufanya moyo kuwa mgumu, na moyo huo mgumu ndio mwanamke anaoukuta mezani. Kila ninapoona mpango wa mafunzo usiotaja jambo hili nauona umeandikwa na mtu asiyeijua kazi.

Kuna hatari zake. Mlezi akiwa ndiye bosi anayejaza fomu ya tathmini ya kazi, afisa ataficha makosa. Mlezi akiamini kwamba mwanamke anayeuza pombe ni mama mbaya, atawaambukiza wote imani hiyo kwa utaratibu mzuri kabisa. Kwa hiyo uchaguzi wa mlezi una uzito kuliko kitabu kitakachotumika.

Maafisa maalumu wa wanawake

Uingereza imekwenda mbali zaidi katika kutenga huduma. Baada ya vifo vya wanawake 6 katika gereza la Styal ndani ya mwaka mmoja, Baroness Jean Corston aliandika ripoti iliyotolewa Machi 2007 yenye mapendekezo 43, ikisisitiza vituo vya wanawake katika jamii ambako msaada wa makazi, deni, ulevi na ukatili unapatikana chini ya paa moja. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu urekebishaji wa wahalifu, kifungu cha 10, ikataka mipango ya usimamizi ionyeshe namna inavyozingatia mahitaji ya wanawake. Katika mfumo kama huo, afisa anayeshughulikia wanawake peke yao ana mahali pa kuwapeleka.

Kwetu, njia hii inafaa miji mikubwa. Nairobi au Mombasa, ambako mafaili ya wanawake ni mengi, maafisa wawili watatu wanaoyashika wao tu watakusanya uzoefu haraka na kuwafahamu kwa majina watu wa kituo cha afya, dawati la jinsia la polisi na nyumba za hifadhi. Katika kituo cha maafisa wawili au watatu haiwezekani, na kujaribu kuilazimisha kuna madhara: wengine huacha kabisa kujifunza kwa sababu "kuna mwenzetu wa hayo mambo", naye akienda likizo ya uzazi hakuna anayebaki.

Wengine hufupisha jambo kwa kusema wanawake wasimamiwe na maafisa wanawake, basi. Ni haki kumpa mwanamke nafasi ya kuchagua, hasa aliyebakwa au kupigwa, na panapowezekana apewe. Lakini uanamke wa afisa hauchukui nafasi ya mafunzo. Hukumu kali juu ya mama anayeuza pombe, au juu ya msichana aliyetoa mimba, hutoka pia kwa wanawake wenzake, tena kwa ukali zaidi nyakati nyingine.

Watu wa kujitolea

Kenya ina maafisa wa probesheni wa kujitolea, watu wa mtaa au kijiji wanaomsaidia afisa kufuatilia walio chini ya uangalizi. Kwa mwanamke anayeishi umbali wa nauli ya kwenda na kurudi inayolingana na chakula cha siku, msaada wa jirani aliyefunzwa ni mkubwa. Ila jirani huyohuyo anaweza kuwa mweka hazina wa chama anachodaiwa, au shemeji wa mtu anayempiga. Mafunzo yao yawe mafupi na yalenge mambo mawili tu: kutunza siri, na kujua wakati wa kumpigia afisa simu badala ya kusuluhisha wenyewe. Wasifunzwe ushauri nasaha wa kiwewe. Nusu ya ujuzi huo ni hatari kuliko kutokuwa nao.

Nani achague nini

Kituo kidogo cha mashambani, chenye maafisa wachache na mtandao wa kusuasua, kianze na mkutano wa faili wa kila mwezi hata kabla ya kupata pesa yoyote, kikitumia kanuni ya 60 na ya 61 kama orodha ya maswali ya kupimia kila ripoti. Fedha zikipatikana, zimpeleke mlezi mmoja kwenye mafunzo marefu zaidi, badala ya kuwapeleka watu watano kwenye semina ya siku tatu.

Kaunti yenye mji mkubwa inaweza kuunganisha njia: kozi ya mtandaoni kwa kila anayeajiriwa, semina moja kwa mwaka ambayo mahakimu wamealikwa na wamekubali kuja, maafisa wachache maalumu, na ulezi unaowahusu wote, wakiwemo hao maalumu. Hapo ningesisitiza kwamba mwaliko wa mahakimu usiachwe kuwa nyongeza. Ripoti nzuri inayomfikia hakimu asiyejua kwa nini anaelezwa habari za malezi ya watoto hubaki karatasi, na afisa aliyejitahidi kuiandika hujifunza kutojitahidi tena.

Kwa makao makuu ya idara, au kwa mfadhili anayetaka kusaidia, jambo la kuuliza kabla ya kuidhinisha bajeti ya semina ni kama kuna mstari wa matumizi kwa miezi 6 inayofuata: nauli za mlezi kuzunguka vituoni, muda wa maafisa kukutana, na mtu wa kusoma sampuli ya ripoti za kabla na za baada ya mafunzo ili kuona kama maswali yamebadilika. Kama mstari huo haupo, ni afadhali kupunguza washiriki wa semina hadi nusu na kutumia kilichobaki kuuanzisha.